Kiapo cha Kurasa Tisa

Gereza Kuu, Chumba cha 7
4 Machi

Wakili wangu,

Uvumilie mwandiko, naandikia gotini. Meza ni moja kwa watu thelathini na wanane na ina foleni yake kama choo.

Hukumu umeshaisikia kwa Mama kwenye simu, lakini Mama husimulia kwa kilio, kwa hiyo nakupa habari iliyonyooka. Tarehe 26 Februari hakimu alinipa miaka mitano kwa kupatikana na mali ya wizi. Mali yenyewe ni yale mabomba ya geti. Mteja aliyaleta mwenyewe karakanani pamoja na mchoro. Nikakata, nikachomelea, nikapiga rangi ya kwanza. Siku ya kulichukua geti hakuja yeye, wakaja polisi. Kumbe mabomba yalikuwa vizuizi vya daraja la waenda kwa miguu. Nilimweleza hakimu sura ya mteja mpaka kofia yake. Akaniuliza kama nina shahidi. Nikasema shahidi ni huyo huyo mteja. Watu wakacheka, nami nikacheka, ndipo nikaona hakimu hacheki.

Usiwe na wasiwasi, nimefika huku na sifa. Siku ya kwanza nyapara, yaani mfungwa mwenzetu anayesimamia chumba, aliuliza kila mgeni amekuja na nini. Mmoja alikuwa na sabuni, mwingine sigara. Mimi nikasema nina mdogo wangu wa mwisho, Kitinda, yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uwakili. Nikapewa nafasi mbali na ndoo ya haja. Mzee anayelala kushoto kwangu, Fundi Saa, sasa ananiwahi kwa salamu, na umri wake ni wa kutuzaa wote wawili.

Juzi afisa wa ustawi alipita na fomu za nia ya kukata rufaa. Siku ni thelathini tangu hukumu. Kwenye fomu kuna visanduku viwili, kimoja cha mwenye wakili na kingine cha asiye naye. Nikatia alama kwenye cha mwenye wakili, nikakandamiza kalamu mpaka ikatokea upande wa pili. Kwa hiyo mpira uko kwako. Siku najua unazihesabu.

Siku utakayosimama mahakamani, hilo joho jeusi ulipige pasi. Mimi nimeshawaeleza watu humu utakavyoingia.

Kaka yako


Bweni la wasichana, Chuo Kikuu
15 Machi

Kaka,

Barua yako imekaa njiani siku kumi. Nimeisoma mara nne. Nafurahi uko mbali na ndoo.

Ningependa kuja, lakini safari ni siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na mitihani ya katikati inaanza wiki hii. Muhula huu pia tuna kazi ya nje. Jumatatu na Alhamisi nakaa benchi la nyuma mahakamani, nina saa na fomu. Naandika kesi imeanza saa ngapi na imekwisha saa ngapi, nani kaongea, nani kanyamazishwa, mshtakiwa ameulizwa kama ameelewa au hakuulizwa. Nimeshafikisha kesi mia moja na kumi na mbili. Washtakiwa tisini na wanne hawakuwa na wakili. Kesi moja kwa wastani huchukua dakika sita. Juzi mtu mmoja alihukumiwa wakati karani anamimina chai, na chai haikuwahi kupoa.

Kuhusu rufaa, tulia. Kitu chenye tarehe ya mwisho ni fomu ya nia, na hiyo umeshaijaza. Sababu za rufaa hufuata baadaye. Hatuna haraka. Ninachotaka ni picha nzima. Nimekuandikia maswali kumi na moja kwenye karatasi ya pili. Jibu yote, hata unayoona ni ya kipuuzi. Kesi haianzii kizimbani, inaanza siku mtu alipoanza kuonekana kama mwizi, na hilo ndilo linalotakiwa kuelezwa.

Habari za joho tutazungumza.

Nimekuwekea karatasi kumi na stempu sita.

Mdogo wako, Kitinda


Gereza Kuu, Chumba cha 7
24 Machi

Wakili wangu,

Maswali yako yamejibiwa na chumba kizima. Nilipofika la saba, lile la "Hakimu alikutazama alipokuwa anasoma hukumu?", mfungwa mwenzangu Mwashi akasema, "Huyu sasa ndiye wakili. Wangu aliniuliza tu kama nina ndugu."

Jibu ni kwamba hakunitazama. Alitazama saa ya ukutani. Fundi Saa anasema kama ni ile ya mahakama ya chini, basi ilikufa mikononi mwake na yeye akairudisha ukutani kimya kimya.

Kesi iliitwa siku nne ndani ya miezi minane. Siku mbili nilisimama tu nikaambiwa nirudi. Mwendesha mashtaka alikuwa anasoma faili langu hapo hapo, unaona kabisa anakutana na habari zangu kwa mara ya kwanza. Walipouliza nitajitetea kwa kiapo au bila kiapo, niliuliza ipi ni fupi, maana tumbo lilikuwa linanikata. Wakaandika bila kiapo. Kuhusu lini nilianza kuonekana mwizi, sijui nikujibu vipi. Labda nilipofunguliwa mlango wa gari la polisi na majirani wakawa wanaangalia viatu vyao.

Jambo jingine. Jumanne alikuja yule mama wa msaada wa kisheria. Humu tunamwita Mama Mafaili, hubeba mafaili mpaka chini ya kidevu. Mwezi huu alikuwa na nafasi ya watu watatu. Akaanza na mimi, akasema kesi yangu ina upenyo. Nikamwambia, "Asante mama, mimi nina wangu. Nafasi yangu mpe Fundi Saa, hana mtu." Akauliza wakili gani huyo. Nikasema, "Mdogo wangu, yuko chuo." Akanitazama kidogo, akaandika kitu, akamwita mzee. Mzee alinishika mkono mpaka chakula kikaletwa. Halafu Mwashi na Mpaka Rangi nao wakakataa nafasi zao. Wanasema watakungoja wewe, nao wametia alama kisanduku kama changu. Nimewaambia sina uhakika kama una muda, wakasema hata wa mwisho kwenye foleni si neno.

Kwa hesabu yangu zimebaki siku nne. Lakini wewe umesema hatuna haraka, basi sina.

Kaka yako


Bweni la wasichana, Chuo Kikuu
7 Aprili

Kaka,

Barua hii isome peke yako kwanza.

Mimi si wakili na shahada ninayosoma haitanifanya wakili. Inaitwa Sheria na Jamii. Tunajifunza sheria inavyofanya kazi kwa watu, nani inamgusa na nani inampita. Nikimaliza naweza kuajiriwa kwenye utafiti au ofisi ya ustawi. Siwezi kusimama mahakamani kumsemea mtu yeyote. Kozi ya uanasheria sikupata alama zake. Nyumbani nilisema nimeipata kwa sababu nilipanga kuhamia baada ya mwaka wa kwanza. Niliomba nikanyimwa. Mwaka wa pili nikaomba tena nikanyimwa. Wakati huo ulikuwa umeshaandika kwenye mlango wa karakana, kwa rangi nyekundu, "Fundi Geti, Kaka wa Wakili". Nilipokuja likizo ulinisimamisha mbele ya mlango huo tukapigwa picha. Sikuona pa kuanzia.

Sasa lililo baya zaidi. Ijumaa nilipeleka barua yako ya mwisho darasani. Sikusema ni kaka yangu, nilisema ni mfungwa ninayeandikiana naye. Nilisoma pale ulipompa Fundi Saa nafasi yako, kama mfano wa wafungwa wanavyobebana. Wenzangu waliipenda. Nilipomaliza, mwalimu akauliza, "Huyu mtu wako amebakiwa na siku ngapi?"

Nikasema alishajaza fomu.

Akasema, "Alitia alama kisanduku gani?"

Nilitoka darasani nikampigia simu wakili wa msaada wa kisheria, yule mnayemwita Mama Mafaili. Alinieleza kwamba ofisi ya gereza ina trei mbili. Fomu za wasio na mawakili, gereza lenyewe huzipeleka mahakamani. Za wenye mawakili huwekwa kwenye trei ya pili, wakili aje azichukue. Haimo kwenye kanuni yoyote niliyowahi kusoma. Ni mazoea ya ofisi. Fomu yako haijatoka kwenye trei hiyo tangu siku ulipoijaza. Siku ya thelathini ilikuwa 28 Machi. Mimi ndiye niliyekuandikia hatuna haraka.

Bado kuna njia moja. Wakili amekubali kukuombea mahakama ikuongezee muda. Ombi linahitaji hati ya kiapo inayoeleza kwa nini umechelewa, na anayeweza kuapa hayo ni mimi. Ombi likikataliwa, hakuna rufaa, na miaka inabaki mitano.

Sijui uwaambie nini Mwashi na Mpaka Rangi.

Kitinda


Gereza Kuu, Chumba cha 7
18 Aprili

Mdogo wangu,

Niliisoma peke yangu, halafu nikawasomea wote. Mwashi alikuwa amebakiwa na siku mbili, Mpaka Rangi tatu. Asubuhi yake tulikwenda watatu kwa afisa wa ustawi, wakabadilisha alama, fomu zao zikahamishwa trei. Zimekwenda.

Mwashi hajanisemesha tangu hapo. Simlaumu. Nyapara amenirudisha kwenye ndoo. Hakugomba, alisema tu kwamba nafasi ile ilikuwa ya mtu mwenye wakili.

Habari ya kusomea kile au hiki, ungesema. Mama angelia siku mbili akanyamaza. Mimi ningefuta mlango, ni kazi ya nusu saa na petroli kidogo.

Andika hicho kiapo. Andika kama huyo mama atakavyokuelekeza.

Kaka


Ofisi ya Msaada wa Kisheria
26 Aprili

Binti,

Nimepata rasimu yako. Ni kurasa tisa. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mmoja na sijawahi kuona kiapo cha kuomba muda chenye tanbihi.

Jaji atakayesoma atakuwa na maombi kama arobaini siku hiyo. Anatafuta mambo mawili tu. Muda ulipita kwa nini, na je, kosa ni la mwombaji? Sema kwamba aliamini ana wakili, kwamba imani hiyo aliipata kwako, na kwamba fomu ilikwama ofisini. Aya sita. Hizo takwimu zako za dakika sita ni za kweli, na jaji anazijua kuliko wewe, lakini akiziona atadhani anahukumiwa yeye.

Jambo la pili ndilo kubwa. Ile barua ya kaka yako ya tarehe 24 Machi, uliyoiita Kielelezo B, itoe. Humo anaandika kwa mkono wake kwamba nilimpa nafasi akaikataa. Najua aliikataa kwa moyo mzuri, nilikuwa nimesimama pale, na kosa langu ni kwamba sikumhoji zaidi. Nilidhani uko kwenye chuo cha mafunzo ya uwakili, umebakiza kuapishwa tu. Lakini moyo mzuri si sababu ya kisheria. Tukiulizwa tutajibu kweli. Tusipoulizwa hatuna haja ya kuwapelekea.

Nirudishie kikiwa kifupi kabla ya tarehe 5 Mei, nami nitakiwasilisha pamoja na ombi langu.

Wakili


Bweni la wasichana, Chuo Kikuu
30 Aprili

Shikamoo mama,

Nakushukuru kwa maelekezo yako. Naomba unisamehe kwa nitakayosema.

Barua yako nimeipata leo. Jana nilikuwa nimeshaapa mbele ya kamishna wa viapo na nikakituma kiapo moja kwa moja kwenye masjala ya mahakama, nikataja ombi lako ili viunganishwe. Niliogopa posta. Barua moja imetugharimu siku kumi, nyingine siku kumi na moja, sikutaka mara hii tena tukose kwa sababu yangu.

Nilijaribu kukipunguza kabla ya kuapa. Kila nilipotoa aya niliona yanayobaki yanamfanya aonekane mjinga aliyedanganywa na dada yake, na yeye si mjinga. Kielelezo B kimo. Ndiyo karatasi pekee duniani inayoonyesha ni mtu wa namna gani. Mtu anayeachia mwingine nafasi yake ya kutoka gerezani hawezi kuwa alijua kuwa yeye mwenyewe hana wakili. Jaji akiisoma yote, toka mwanzo hadi mwisho, ataona.

Na kuna hili pia. Nimeficha kitu kimoja kwa miaka mitatu. Sikuweza kunyanyua mkono kuapa huku naficha kingine.

Nikikosea, niambie la kufanya.

Binti yako


Ofisi ya Msaada wa Kisheria
6 Mei

Binti,

Nimekwenda masjala. Kimeshagongwa muhuri na kuingizwa kwenye jalada. Hakitoki.

La kufanya ni kungoja.

Wakili


Mahakama Kuu, Ofisi ya Naibu Msajili
19 Juni

Kwa Mwombaji, kupitia kwa Mkuu wa Gereza
Nakala: Wakili wa Mwombaji, Mwapaji

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA WA KUKATA RUFAA

Unajulishwa kuwa ombi lililotajwa hapo juu limeamuliwa leo. Sehemu husika ya uamuzi inasomeka hivi:

"Mahakama imesoma kiapo kirefu cha dada wa mwombaji na inatambua uchungu uliomo. Hata hivyo, kwa mujibu wa Kielelezo B kilichoambatishwa na upande wa mwombaji wenyewe, siku nne au zaidi kabla ya muda kwisha mwombaji alipewa wakili, akamkataa kwa hiari yake, na alijua idadi ya siku zilizobaki. Aliyeachia nafasi akijua muda wake hawezi kusema amecheleweshwa. Ombi limekataliwa."

Uamuzi huu ni wa mwisho katika ngazi hii.

Naibu Msajili


Bweni la wasichana, Chuo Kikuu
25 Juni

Kaka,

Najua nawe umeipata. Nimempigia wakili. Amesema amejaribu kutafuta mlango mwingine na hajauona, akaniuliza kama nakula. Hakusema kwamba alinionya. Heri angesema.

Nimesoma ule uamuzi nikiwa nimeweka saa mezani, kwa mazoea tu. Unasomeka kwa dakika moja na nusu. Kila kilichomo ni kweli. Hakuna hata mstari mmoja ninaoweza kusema jaji ameuongopa, na mistari mingine imetoka kwenye barua yako. Mimi ndiye niliyempelekea.

Kuna jambo lazima nilikwambie kabla hujalisikia kwingine. Kiapo kile nilikikabidhi pia kwa mwalimu kama kazi ya muhula, mwezi wa tano, kabla hatujajua. Kimerudi jana. Kimepata alama ya juu kuliko zote darasani. Pembeni ya ile barua yako mwalimu ameandika "nzuri sana".

Mama sijamwambia la mahakama. Anaulizia tarehe ya kesi, nasema bado. Nikiweka simu chini najisikia ndiye yule yule wa miaka mitatu iliyopita.

Nataka kuja Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Kama hutaki kuniona nitaelewa, lakini niandikie. Niandikie kama ulivyokuwa unaandika. Nani analala kushoto kwako sasa, Mwashi anasemaje, chakula kimekuwaje. Nitukane kama unataka, mimi ni mdogo wako. Usininyamazie tu.

Kitinda


Gereza Kuu, Chumba cha 7
14 Julai

Mdogo wangu,

Barua ya mahakama nimeipata. Barua yako nimeipata. Siku ya wageni nilikuwa nimepangiwa kazi, usisumbuke na safari.

Mimi ni mzima. Chakula kinatosha. Kazi ninayo. Sina ugomvi na mtu yeyote. Hongera kwa masomo.

Kukiwa na jambo la kusema nitamweleza Mama akija kunitembelea. Siku hizi hasikii vizuri, lakini haandiki ninayomwambia.

Kaka yako